Nataka kumzungusha binti yangu viwanjani msimu huu. Nianzie wapi?

FundiWaLuanda

Hamjambo wadau. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Luanda, Vihiga. Nina binti wa miaka 11, kipa wa timu ya shule yao. Mwezi wa nane mwaka 2025 tuliangalia CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kwa jirani, ile siku Ryan Ogam alipoifunga Morocco na vijana wetu wakamaliza mechi wakiwa 10. Watu wanarukaruka, yeye ametulia tu anaangalia majukwaa ya Kasarani yalivyojaa. Akaniuliza, "Baba, wewe ulishaingia pale?" Nikasema hapana. "Na Nyayo?" Hapana. "Mamboleo je, si ni hapa tu Kisumu?" Hata Mamboleo sijaingia. Nina miaka 41, naweza kukutajia wachezaji wa AFC Leopards wa tangu nikiwa shule ya msingi, na sijakanyaga uwanja wa ligi kuu hata mmoja. Mpira wangu wote ni wa redio na runinga.

Swali lile halijanitoka. Nimeamua msimu huu tutoke, mimi na yeye, uwanja mmoja kila mwezi. Naweka shilingi 100 kila jioni kwenye simu, pesa ya safari peke yake. Naomba ushauri kwa wanaosafiri. Tuanzie wapi? Mtoto wa kike akae jukwaa gani? Vyoo vikoje?

Halafu kuna jambo la nyumbani. Mimi ni Ingwe, yaani AFC Leopards. Mama yake ametoka Siaya, na kwao K'Ogalo, yaani Gor Mahia, huingia mtoto pamoja na maziwa. Binti hajachagua, na kila upande unamvuta. Nilifikiri mechi ya kwanza iwe Mashemeji, derby ya timu hizo mbili kule Nairobi, azione timu zote mbili siku moja kisha aamue mwenyewe. Mnaonaje?

KondeleKijani

Mpeleke derby, ndugu yangu, wala usisite. Mimi baba alinibeba mabegani nikiwa mdogo kuliko huyo wako na mpaka leo nasikia zile ngoma. Hizi mechi nyingine ataziona tu, lakini derby ndiyo itakayomfanya apende mpira maisha yake yote. Panda basi la usiku la Jumamosi hapo Kisumu, asubuhi mko Nairobi, mnakula, mnaingia. Na atachagua kijani cha Gor, hilo liko wazi.

MzeeWaMaseno

Mimi nitapinga, na naomba mnisikilize hadi mwisho.

Nimefuata mpira tangu enzi ambazo Abaluhya United haijaitwa AFC Leopards. Mwaka 1987 nilikuwa Kasarani siku Gor Mahia inachukua Kombe la Washindi la Afrika. Tulikuwa tumetoka sare ya 2-2 kule Tunis na Espérance, tukatoka sare ya 1-1 nyumbani, mabao ya ugenini yakatupa kombe. Uwanja wenyewe ulikuwa mpya, umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka huohuo. Nililia mbele ya watu nisiowajua, na mimi si mtu wa kulia. Kwa hiyo usifikiri naogopa umati.

Lakini Oktoba 2010 watu 7 walikufa Nyayo, siku ya Gor na AFC. Walikufa getini, wakisukumana kuingia. Walitoka nyumbani kama tunavyotoka sisi, na jezi zao. Tangu hapo kila ninapoenda mechi kubwa nafika muda wa saa tatu kabla mpira haujaanza, na nikiona geti limeanza kusongamana natoka nakaa kando hata kama mpira umeanza. Tiketi si kitu. Mtu mzima anaweza kufanya uamuzi huo kwa haraka. Mtu aliyeshika mkono wa mtoto asiyewahi kuona umati hana nafasi hiyo.

Derby mpeleke, ila iwe ya tano au ya sita. Kwanza ajue geti ni nini, ajue kukushika mkanda, ajue mahali pa kukungoja mkipotezana.

KondeleKijani

Mzee, nimekusikia. Hilo la 2010 nilikuwa nimelisahau na si jambo la kusahauliwa. Naondoa la derby ya kwanza. La kijani siliondoi.

MamaTore

Baba, karibu. Mimi ni shabiki wa Shabana, timu ya Kisii, nakaa Suneka, na nasafiri na watoto wangu wawili tangu timu iliporudi ligi kuu mwaka 2023. Tuliingoja miaka 17, kwa hiyo sikosi mechi kwa sababu ndogo. Nikueleze ninavyofanya.

Ratiba kwanza. Usinunue nauli kwa kuangalia ratiba iliyotoka mwanzo wa msimu. Mechi zetu huhamishwa siku, saa, hata uwanja. Mwaka jana nilifika na watoto kwenye uwanja mmoja, siutaji, nikakuta geti lina kufuli na askari mmoja akaniambia mechi imehamishwa tangu jana jioni. Mtoto mdogo alilia hadi kwenye gari. Sasa naangalia kurasa za timu zote mbili usiku wa kuamkia mechi, na asubuhi naangalia tena kabla ya kuwaamsha watoto.

Kukaa: tafuta jukwaa kuu, upande wa paa. Bei ni juu kidogo kuliko kule kwenye ngazi za zege, lakini jua la saa tisa haliwapigi usoni, na ukiona mambo yanaharibika njia ya kutoka iko karibu. Ngoma na matarumbeta huwa upande wa pili, atawaona vizuri kutoka hapo. Usikae nyuma ya mashabiki wa ugenini, wala usimvalishe jezi ya upande wowote mpaka ujue uwanja. Mvalishe rangi ambayo haina timu. Ya machungwa inafaa, hata ukimpoteza unamwona.

Vyoo nitakuambia ukweli kwa sababu wanaume huwa hawasemi. Vingi havina maji mechi ikishaanza. Sisi hupitia choo cha hoteli tunapokula, saa saba na nusu, kisha tunaingia. Beba karatasi na chupa ndogo ya maji ya kunawa. Ukifika mlangoni na binti, tafuta mama mwenye watoto umwombe aingie naye. Hakuna mama atakayekukatalia.

Andika namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wake, ndani, si nje. Na mkiingia tu mwonyeshe kitu kirefu kisichohama, nguzo ya taa au bendera, umwambie tukipotezana tunakutana hapo.

Gusii Stadium uko katikati ya mji wa Kisii, kutoka steji mnatembea. Njooni. Mtoto hawezi kuona watu wanaopenda timu kuliko sisi.

SautiYaAfraha

Nakuru hapa. Kama mtafika huku, ulizeni kwanza. Uwanja wetu wa Afraha ulifungwa kwa ujenzi na timu zikatawanyika, kwa hiyo msije kwa kukisia. Ulinzi Stars ndio waliotufundisha ushindi mji huu, ubingwa wa 2003, 2004, 2005 na tena 2010. Ukija, mbebee binti sweta. Watu wa ziwani hudhani Kenya nzima ina joto lao, kisha saa kumi na mbili jioni nawaona wanatetemeka steji.

MwalimuEmuhaya

Ndugu Fundi, naona watu wanakupeleka Nairobi na Nakuru. Wewe si uko Luanda? Uwanja wa Mumboha uko umbali gani kutoka gereji yako?

Vihiga Queens wanachezea hapo. Hao ndio waliochukua tiketi ya ukanda wa CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2021 wakaenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Binti wa miaka 11, kipa, ana timu ya wanawake iliyofika huko, na anaweza kwenda kwa miguu. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kulipa nauli yoyote.

FundiWaLuanda

Mwalimu, nimekaa na hii simu mkononi kwa muda. Kutoka gereji ni dakika 10 kwa miguu. Nimepita pale nikijaribu pikipiki za wateja mara zisizohesabika, nikasikia kelele, nikapita. Asante. Jumapili hii tukitoka kanisani tunaenda.

Mama Tore, nimeyaandika yote kwenye daftari la gereji.

BodaWaBusia

Siku mkitaka kuvuka kwenda Uganda, Namboole ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Uwanja uko upande huu wa Kampala, barabara ya Jinja, kwa hiyo basi la kutoka Busia linaufikia kabla halijaingia kwenye msongamano wa mji. Mwambie kondakta akushushe. Wewe utavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto hana kitambulisho, kwa hiyo uliza uhamiaji mapema kuhusu hati yake, na beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya mama yake. Usingoje kuambiwa hayo mpakani.

MsukumaWaKirumba

Habari zenu majirani. Kaka Fundi, nami nakukaribisha Mwanza. Mnapita Kisii, Migori, mnavuka Sirari, Tarime, Musoma, mnaingia Mwanza. Ni safari ya kutwa nzima, basi msiifanye siku ya mechi, mje siku moja kabla. Pamba, timu ya hapa, wamerudi ligi kuu tangu 2024 na uwanja wa CCM Kirumba umepata uhai tena. Ila usimlete binti siku Simba au Yanga wanakuja kama ndiyo mara yake ya kwanza, kwa sababu zile alizosema mzee wa Maseno. Shikamoo mzee. Na AFCON ya 2027 iko kwetu sote watatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Akianza sasa, mwaka huo atakuwa mwenyeji popote atakapokwenda.

MzeeWaMaseno

Marahaba mwanangu.

FundiWaLuanda

Wadau, nimerudi baada ya wiki tano. Niliahidi kimoyomoyo kuleta majibu.

Mumboha tulisimama kwenye kamba. Binti aliniacha akaenda nyuma ya goli la Vihiga Queens, akakaa chini, na hakutoka hapo kipindi chote. Nilidhani anaangalia namna kipa anavyodaka. Nyumbani akaniambia, "Baba, kipa anaongea mechi nzima. Hanyamazi hata mpira ukiwa mbali." Miaka yote nimesikiliza mpira na sikujua hilo. Kwenye runinga kelele za watu na za mtangazaji zinamfunika kipa. Yeye alimsikia: anawapanga mabeki, anamwita huyu kwa jina, anamwambia yule asonge kulia. Ijumaa iliyofuata mwalimu wao wa michezo alinipigia simu akiuliza mtoto amefanya nini, kwa maana ameanza kuipanga timu nzima kwa sauti. Wamecheza mechi mbili tangu hapo na amefungwa bao moja.

Uwanja wa Bukhungu tulienda Jumamosi ya juzi, Kakamega Homeboyz wakiwa nyumbani. Tulipitia Majengo na Chavakali, tukala Kakamega mjini, choo tukamaliza hapo kama Mama Tore alivyoagiza. Jukwaa kuu. Kipindi cha pili mvua ya Kakamega ikashuka jinsi inavyoshuka kila alasiri, na wale wa upande wa pili hawakuondoka. Waliendelea kuimba wakiwa wamelowa. Binti akauliza kwa nini hawakimbii, nikashindwa kumjibu vizuri. Tulikuwa na koti moja la mvua, tukashuka tukakaa nje ya paa kama dakika 20 kwa sababu aliomba. Mama yake amenilaumu kwa kikohozi, na ana haki. Tiketi ameibandika nyuma ya daftari la hesabu.

Nyumbani nilimuuliza sasa yeye ni Ingwe au K'Ogalo. Akasema bado ana viwanja vingi vya kuona.

Pesa: Mumboha tulitumia soda na njugu tu. Bukhungu, nauli, chakula na tiketi zetu mbili hazikumaliza akiba ya mwezi, kwa hiyo Mamboleo na Kisii naweza kuvifanya mwezi mmoja. Mama Tore, mkiwa nyumbani tena tutakuja. Ana jezi ya machungwa ya kipa, nitamvalisha hiyo.

MamaTore

Mje. Nitakuwa getini saa saba na wangu wawili, mmoja ana miaka 12 naye anadaka. Nitumie ujumbe mkifika Oyugis nijue mko karibu. Na mbebe makoti mawili, Kisii nayo hunyesha.