Antivirusi inakula treina za gemu: tupeane uzoefu

Mla_Bando: Wakuu, salaam. Niko na GTA San Andreas kwenye laptopu, ile misheni ya kukimbiza treni kwa pikipiki imenitoa jasho wiki nzima. Nikaona isiwe tabu, nitafute treina, kile kiprogramu cha kudanganya gemu, mfano risasi zisiishe. Nimeishusha, nimefungua zip, faili naliona kwa macho yangu. Nabofya tu, halipo! Pembeni kijisanduku kinaniambia tishio limeondolewa. Nimerudia mara tatu na bando ndo hilo linaisha. Waliokutana na hili mlifanyaje?

Fundi_Kibodi: Mkuu, acha kushusha upya, mara nyingi halijafutwa, antivirusi imeliweka karantini, yaani imelifungia pembeni lisifunguke. Fungua historia ya ulinzi utalikuta, na unaweza kulirudisha. Ila kwanza tengeneza folda moja ya treina, uiombee ruhusa isikaguliwe. Folda hiyo moja tu! Kuna watu wanaruhusu diski C nzima. Ni sawa na kumfukuza mlinzi kisa kamzuia shemeji yako getini.

Binti_wa_Kodi: Niwaeleze kwa nini antivirusi inachachamaa. Treina inaingia kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gemu likiwa linaendelea, inatafuta palipoandikwa risasi zako, inaandika namba yake. Halafu inasikiliza kibodi muda wote ili ikudake ukibonyeza F1. Nyingi tena zimebanwa kwa UPX (programu ya kupunguza ukubwa wa faili) au kitu kama hicho, ndani hapasomeki kirahisi. Sasa kirusi cha kuiba paswedi nacho hufanya hayo hayo. Mimi husoma jina ililopewa na antivirusi. Ikisema HackTool (zana ya kudukua) au RiskWare (programu inayoweza kuleta hatari), natulia kidogo. Ikisema Stealer (mwizi wa taarifa), nafuta bila kuuliza. Ikimalizia na "!ml" ujue ni mashine imekisia, hapo nalipeleka faili tovuti ya VirusTotal likapitiwe na antivirusi nyingi kwa mpigo.

Yalinikuta: Mimi nilizima ulinzi wote. Jamaa kwenye video alisema zima kwanza, na zip ina paswedi 1234. Sikujiuliza paswedi ya nini kwenye kitu cha bure (baadaye ndo nikaelewa: antivirusi haiwezi kuchungulia ndani ya zip iliyofungwa). Nimebofya, kimya. Hakuna dirisha, hakuna kosa, hakuna chochote. Nikalala zangu. Asubuhi mama mdogo ananipigia: "Mwanangu hongera, nimeona umenunua gari." Gari gani tena? Kufungua Instagram, imenitoa. Akaunti yangu inauza sarafu za kidijitali na picha ya gari jeupe, watu wawili wa ukoo wameshauliza watume hela wapi. Nikabadilisha paswedi za barua pepe kwa simu ya dada, maana laptopu ile sikuigusa tena mpaka nilipofuta kila kitu na kupiga Windows upya. Picha za mahafali zimeenda.

Kipa_wa_Mtaa: Pole sana mkuu. Niongeze: treina ni za kucheza peke yako. Ukiiwasha kwenye gemu la mtandaoni lenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu, unakula ban, yaani unafungiwa akaunti.

Mla_Bando: Mrejesho. Nimelikuta karantini, jina HackTool, VirusTotal nao wengi wamesema hivyo hivyo. Nimelirudisha, limefunguka vizuri, nikabonyeza F1, gemu likajizima. Kumbe treina ni ya toleo 1.0, mimi ninalo 2.0. Narudi kwenye pikipiki.