Lego kwa watu wazima hapa Dar: seti mpya za nje, za Mchina wa Kariakoo, au vipande vya mtumba?

Kinundu (Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Mwezi huu natimiza miaka saba tangu nianze kukusanya Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, nikiwa mtu mzima mwenye familia, na karibu kila wiki kuna mtu ananifuata pembeni kuuliza aanzie wapi. Nimeona niandike mara moja hapa, nanyi mnikosoe.

Njia zote tatu nimezipita. Msimamo wangu nautoa mapema: mtu wa Dar akusanye vipande, asikusanye maboksi.

Seti mpya orijino ndiyo raha kamili, hapo sibishani. Ile Land Rover Defender ya Technic (mfululizo wa Lego wa mitambo yenye gia), namba 42110, ina vipande 2,573. Niliijenga usiku tisa, watoto wakishalala. Ukiisukuma mezani unaona pistoni sita zinapanda na kushuka kwa zamu, difu zake tatu zinazunguka, na gia unazibadili kwa kidole. Sisi tuliokulia kwenye Land Rover za serikali na za misheni, gari lile linatugusa moyoni. Na hakuna kipande kinachokataa. Tofali lililotengenezwa 1958, mwaka ambao kiwanda cha Lego cha Billund kule Denmaki kilisajili hataza ya tofali lenye mirija chini, mpaka leo linang'ang'aniana na tofali la juzi.

Tatizo ni kuifikisha hapa. Bei unayoiona mtandaoni si bei yako. Weka usafiri, weka ushuru wa forodha, weka VAT ya asilimia 18. Halafu boksi ni kubwa kuliko kilichomo, na mzigo wa ndege haupigiwi hesabu kwa kilo peke yake, hata ukubwa wake unalipiwa. Yangu nilimwomba ndugu aliyekuwa anarudi likizo afungue boksi, atoe mifuko na kuipanga katikati ya nguo zake. Boksi lilibaki hukohuko na sijawahi kulikumbuka.

Kariakoo nilinunua seti ya Mchina, isiyo ya Lego, ya kujenga lori la vipande zaidi ya 2,000. Mifuko haina namba za hatua za kujenga, kwa hiyo unamwaga vyote mezani na kuanza kuchambua kama mchele. Pini zilikuwa ngumu mpaka ncha za vidole zikachubuka. Usiku wa nne ndipo nikagundua gia moja haimo. Nikarudi kwa muuzaji, akaniambia mali ikishatoka dukani haina kurudi. Lori lile halijatembea hata siku moja, na bado linaniuma kila nikilitazama.

Ndiyo maana nikahamia mtumba. Soko la Karume asubuhi na mapema, kwenye mafungu ya midoli, unakuta vitofali vimechanganyika na magari mabovu na mikono ya wanasesere. Okota kimoja, kigeuzie mwanga, tazama juu ya kinundu, kile kichwa kidogo cha duara cha kuunganishia: orijino imeandikwa jina lake juu ya kila kinundu, kwa herufi ndogo sana. Mkono nao unazoea, baada ya muda unajua kwa kugusa tu. Vijitu, yaani vile vidoli vidogo vya watu, ndivyo vigumu kupata, huwa vimeshachaguliwa na waliotangulia.

Nyumbani navitia kwenye wavu wa vitunguu, nafunga mdomo, nalowesha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Yasizidi nyuzi 40, kiwanda chenyewe ndivyo kinavyoshauri. Kisha natandaza kwenye ungo, kivulini, siku mbili.

Kwa vipande hivyo nimejenga Coaster la daladala lenye mstari wa rangi ubavuni. Mstari ule ulinitesa wiki nzima, nilitaka plati, vile vitofali vyembamba, zilale upande na zisiache mwanya. Plati moja ina unene wa milimita 3.2. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Ukibebanisha plati tano unapata milimita 16, yaani vinundu viwili kamili. Nilipolishika hilo ilikuwa saa saba usiku. Mstari ukaingia mahali pake kwa mlio ule mdogo, *tik*, nami nikaenda kumwamsha mke wangu aje aone.

BoksiSafi

Mkuu Kinundu, heshima yako, ila hapa nakupinga. Umezungumzia kujenga tu, hujagusa thamani. Mimi nina seti nane, hazijafunguliwa, ziko juu ya kabati. Wachumi wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walifuatilia bei za seti za kuanzia 1987 hadi 2015 wakakuta wastani wa faida ni asilimia 11 kwa mwaka. Tazama Café Corner ya 2007, namba 10182, ile iliyofungua mfululizo wa majengo ya mtaani: vipande 2,056 tu, lakini ambayo haijafunguliwa, leo wanaigombea kwa bei mara nyingi ya ile ya mwanzo. Seti ikishaacha kuzalishwa haishuki. Kwangu hii ni akiba kama kiwanja.

Kinundu (Tabata)

BoksiSafi, utafiti huo naujua na siukatai. Ila wastani ni wastani, ndani yake wamo waliopoteza. Kumbuka Taj Mahal. Ya 2008, namba 10189, vipande 5,922, ilikuwa dhahabu kwa waliokuwa nayo imefungwa. Mwaka 2017 kiwanda kikaitoa tena kwa namba 10256, ikiwa na vipande 5,923. Tofauti ni kipande kimoja! Bei ya ile ya zamani ikaporomoka, na waliokuwa wanaingoja ipande zaidi wakabaki wameikumbatia. Kiwanja hakitolewi toleo jipya.

Na jambo la pili ni hali ya hewa yetu. Wanaonunua maboksi yaliyofungwa wanataka kona zilizonyooka na karatasi isiyo na doa. Chumba cha Dar mwezi wa nne, mvua za masika zinamwagika, boksi linavuta unyevu mpaka linalegea. Nilifungua la rafiki yangu lililokaa miaka minne: vitofali vizima kabisa, lakini karatasi ya stika ilikuwa na ukungu na gundi yake haikushika tena. Kisha mnunuzi wako yuko wapi? Yuko Ulaya au Marekani. Utalisafirisha tena, kwa ukubwa uleule niliousema, na faida inaishia njiani.

MamaMapacha

Kaka Kinundu, ahsante kwa kuandika kirefu. Mimi ndiyo naanza. Nina laki mbili, na nina mapacha wa miaka sita ambao watataka kushika kila kitu. Nilikuwa nalitamani jengo kubwa moja la kuweka sebuleni, lakini wewe unasema tukusanye vipande, si maboksi. Kwa nini? Na hivyo vya Karume ni salama kwa watoto?

Kinundu (Tabata)

Dada, karibu sana. Jengo kubwa si baya, ila lina jibu moja tu. Eiffel Tower namba 10307 ina vipande 10,001 na ukimaliza unapata Mnara wa Eiffel. Vingi ni vipande vyembamba vya rangi moja. Ukiubomoa utapata shida kuviweka kwenye kitu kingine. Na kwa laki mbili hata tusiufikirie.

Kama una mtu anayekuja kutoka nje, mwagize boksi la Classic. Namba 10696 lina vipande 484, na 10698 lina 790. Ni matofali ya kawaida ya rangi zote, na magurudumu, milango na madirisha kidogo. Watu wazima wengi wanayaruka wakidhani ni ya watoto. Chukua matofali sita tu ya vinundu nane, ya rangi moja. Kwa miaka mingi kiwanda kilisema yanaunganika kwa namna 102,981,500. Baadaye mtaalamu wa hisabati wa Copenhagen, Søren Eilers, akahesabu upya kwa kompyuta akapata 915,103,765. Matofali sita! Wapeni mapacha wako sita kila mmoja muone watakacholeta mezani.

Pesa itakayobaki ipeleke Karume. Osha kama nilivyoeleza, na chochote chenye ufa au ncha kali tupa. Ukikutana na Duplo, yale matofali makubwa ya watoto wadogo, usiyaache. Yana vipimo mara mbili, na ya kawaida yanakaa juu yake vizuri, kwa hiyo yanafaa kuwa msingi wa nyumba bila kumaliza vipande vyako.

FundiGia

Naomba nitetee upande ambao Kinundu ameupitia haraka kwa sababu ya lori moja. "Mchina" si kitu kimoja, mkuu. Hataza ya tofali ilishakwisha muda wake siku nyingi. Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005 na mahakama ya Umoja wa Ulaya 2010 zote zilikataa kuipa Lego umiliki wa umbo la tofali lenyewe. Kwa hiyo COBI wa Poland wanatengeneza vifaru na ndege zao kihalali, na kampuni ya MEGA nao wana seti zao. Uchina kuna CaDA, wanabuni magari yao wenyewe, na gia za gari nililonalo zinazunguka laini kama zako.

Wizi ni kuchukua seti ya mwenzio nzima, mpaka picha ya boksi, na kubadili jina. Lepin walifanya hivyo, polisi wa Uchina wakawavamia 2019, na mwaka uliofuata kiongozi wao akahukumiwa miaka sita jela. Hapo niko na wewe. Lakini kijana wa Mbagala anayependa mitambo na hana ndugu Ulaya, ukimwambia asiguse kisicho orijino umemfungia mlango.

Kinundu (Tabata)

FundiGia, hilo nimelipokea. Niliweka wote kwenye kapu moja na haikuwa haki. Nitaandika hivi: tafuta kampuni inayobuni yenyewe, omba kufungua boksi dukani, hakikisha mifuko ina namba. Muuzaji akikataa kufungua, ondoka.

MtotoWaKeko

Mmesahau kutunza. Mimi nilipanga seti zangu dirishani zipendeze, jua la mchana likazipiga miezi mitano, nyeupe zikawa rangi ya meno ya mvuta sigara. Ni mwanga wa jua unaokula ile plastiki ya ABS. Nikaenda kwa fundi hapa Keko, akanitengenezea kabati la milango ya vioo, tukaliweka kwenye ukuta usiopigwa na jua, na kwenye mwanya wa milango tukaweka ile sponji ya madirisha. Vumbi limepungua sana. Kinachobaki natoa kwa brashi mpya ya kupakia rangi.

Jingine: mkinunua mtumba, vipande vya kahawia vya miaka ya 2000 na kidogo baadaye ni dhaifu. Usivibane kwa nguvu, vinapasuka kama biskuti. Nimepoteza mti mzima hivyo.

MamaMapacha

Nimekata shauri. Shemeji yangu anarudi mwisho wa mwezi, nimemwagiza 10696. Karume nitakwenda Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi niwe nimefika. Kuna cha kumtafutia mtu?

FundiGia

Gia zozote, hata moja moja, na mhimili mrefu wowote ukiuona.

Kinundu (Tabata)

Dada, ukikuta magurudumu madogo ya rangi ya kijivu nihifadhie manne. Coaster langu mpaka leo la nyuma kushoto si pacha wa la kulia. Na ukitaka, nitakuja na wavu wa ziada.