Madeni matano, mshahara mmoja: benki waniongezee mkopo, nikimbilie SACCOS, au nilipe kidogokidogo?

Mwalimu_Kilosa

Wakuu, habari zenu. Nimeandika uzi huu mara tatu nikaufuta. Leo nauacha.

Mimi ni mwalimu, mshahara wa msingi 720,000. Baada ya kodi, PSSSF (pensheni), bima, chama cha walimu, Bodi ya Mikopo (ule wa chuo) na rejesho la benki la 207,000, mkononi inabaki 280,000. Mwaka jana baba alifariki, tukamsafirisha kutoka Morogoro hadi Songea. Mimi ndiye mkubwa, na michango haikutosha. Ndipo nilipoingia kwa mkopeshaji wa mtaani. Madeni yenyewe ni haya:

Benki, imebaki 6,050,000, miezi 38.
Kausha damu, ndiye huyo mkopeshaji wa mtaani, 600,000, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kadi yangu ya benki na namba ya siri anazo yeye. Kila mwezi anachomoa 120,000, ndiyo nipate changu.
Mkopo wa mtandaoni, 180,000.
VICOBA, kikundi chetu cha kuweka hisa na kukopeshana, 350,000.
Duka la Mangi, 85,000.

Huyo wa kausha damu ni mwezi wa saba sasa, nimeshampa 840,000, na laki sita yake ipo palepale. Benki wanasema wanaweza kuniongezea 1,200,000 na makato yasibadilike. SACCOS ya walimu, chama chetu cha akiba na mikopo, nina akiba ya 320,000. Rafiki yangu anasema nianze na vidogo nipunguze kelele. Nishike lipi? Mke wangu hajui chochote.

Fundi_Tandika

Pole sana Mwalimu. Mimi nilikuwa na madeni saba: kitambaa, vyerehani, kodi ya fremu, mama lishe, mengine hata aibu kuyataja. Nilianza na la mama lishe, 28,000. Siku nililomaliza nilipita mbele ya kibanda chake bila kuzunguka uchochoro, na sitaisahau siku ile. Nikafuata lililofuata kwa udogo. Ilinichukua mwaka na nusu nikamaliza yote. Anza na Mangi.

Karani_Mstaafu

Fundi, njia yako ninaiheshimu, na kwa madeni yako ilikuwa sahihi, maana kama nimekuelewa hakuna hata moja lililokuwa likizaa kila mwezi. La Mwalimu ni jingine. Mangi hatozi riba. Ukimlipa Mangi 85,000 leo umepunguza 85,000, basi. Kausha damu ukimchelewesha mwezi mmoja umepoteza 120,000 na deni halijasogea. Huwezi kuziba tundu dogo la ndoo wakati kitako kimetoboka.

Wa kwanza ni huyo wa asilimia 20. Mangi mfuate, mkae, mwambie utampa 10,000 kila mwisho wa mwezi, na utimize. Mwenye duka anayekuona ukija mwenyewe ni tofauti na anayekutafuta.

Kaunta_Namba_Nne

Nimefanya kazi idara ya mikopo benki miaka tisa, niseme kuhusu hiyo 1,200,000. Ukiambiwa "makato hayabadiliki" uliza neno moja tu: miezi? Nimepiga hesabu kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Deni lako likipanda hadi 7,250,000 kwa rejesho lilelile la 207,000, badala ya miezi 38 utalipa kama 49. Miezi 11 ya ziada mara 207,000 ni 2,277,000. Hiyo ndiyo bei ya 1,200,000 yako, na bado sijaweka ada ya mkopo na bima.

Sisemi ni mbaya kuliko kausha damu. Ni nafuu mno kuliko kausha damu. Ila ubaya wake ni kwamba hauumi. Mshahara unaokuja ni uleule, kwa hiyo watu wengi niliowahudumia walirudi baada ya mwaka kuongezewa tena. Kuna mwalimu niliyemwona akistaafu na mkopo ulioanza kwa kununua pikipiki.

Sasa SACCOS. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, yaani kwako 960,000, ukiwa na wadhamini. Chukua 900,000 tu. Kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, miezi 36, rejesho ni kama 32,500. Jumla utarudisha kama 1,171,000. Angalia vizuri: salio linalopungua. Wakikuhesabia riba ya 900,000 nzima mpaka mwezi wa mwisho, ni 486,000 badala ya 271,000. Omba karatasi ya marejesho kabla ya kusaini.

Jambo jingine, makato yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara. Theluthi yako ni 240,000, una 280,000, nafasi ni 40,000. Ya SACCOS inaingia. Usiongeze kingine juu yake.

Boda_wa_Msamvu

Huo wa mtandaoni achana nao. Si programu hizo zilifungiwa?

Karani_Mstaafu

Benki Kuu ilitangaza programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024, ndiyo. Mwalimu aangalie kama yake imo. Lakini pesa aliitumia, na mtu aliyesafirisha mwili wa baba yake kwa pesa ile hatalala vizuri akiikana. Alipe alichokopa. Akitishiwa au wakianza kutuma meseji kwa mkuu wa shule na ndugu, apige picha kila meseji. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake ipo. Orodha ya namba kwenye simu yako si dhamana.

BintiPangani

Mnahesabu vizuri kaka zangu ila mmeruka mstari wa mwisho wa Mwalimu. Mke hajui.

Mimi nilikuwa huyo mke. Niliona nyumba inabana, nikadhani kuna mwanamke mwingine. Nilikonda. Nilipoujua ukweli siku mkopeshaji alipokuja kuchukua friji, kilichoniuma zaidi ni kwamba miezi yote ile nilikuwa nauza ubuyu na visheti na nina akiba yangu kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa imeshapita. Ningejua, ningeomba nipewe mapema. Hakuniuliza.

Mwambie leo usiku watoto wakilala. Umpe na karatasi yenye tarakimu zote, usimpunguzie hata moja. Ukificha la VICOBA atakuja kulisikia kwa wanawake wenzake, na hapo hutaaminika tena hata ukisema kweli.

Na kama ni Muislamu, wenye madeni ni moja ya makundi manane yanayostahiki zaka. Usione haya kwenda kwa imamu. Kama ni Mkristo, jumuiya yako ilikuwepo msibani, inajua ulipotoka.

Mwanasheria_wa_Kata

Nimechelewa, lakini kuna hesabu hamjaigusa. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, hata akiwa mtu binafsi. Hao wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, Benki Kuu iliwawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 600,000 hiyo ni 21,000, wala si 120,000. Kwa miezi saba ni 147,000. Mwalimu ameshatoa 840,000. Toa riba halali, inabaki 693,000. Kwa kipimo cha kisheria, mtu huyu ameshalipwa deni lake na chenji juu.

Kwa hiyo Mwalimu, kabla hujaenda SACCOS kuchukua laki sita ya kumpelekea, nenda kwake na shahidi, mwakilishi wa chama cha walimu kwa mfano. Omba vitu viwili: nakala ya mkataba na leseni. Beba taarifa ya akaunti yako inayoonyesha kila alichochomoa. Kwa heshima, bila kelele. Akiwa hana leseni ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Akitishia polisi, jua kwamba kudaiwa ni shauri la madai, si jinai. Polisi hawakusanyi madeni.

Na kadi: nenda tawini, ifungwe, upewe nyingine na namba ya siri mpya. Ila mwandikie kwanza kwamba utalipa kwa njia nyingine yenye risiti, nakala ubaki nayo. Usimwache na nafasi ya kusema umetoroka.

Fundi_Tandika

Aisee. Nafuta ushauri wangu wa kwanza, sikujua kabisa hili la asilimia 3.5. Na hapa mtaani watu wanalipa asilimia 30.

Mwalimu_Kilosa

Wakuu, wiki tatu zimepita, nimerudi.

Nilimwambia mke wangu siku ileile. Alilia, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akaniuliza Mangi tunamdai au anatudai. Tangu hapo daftari analishika yeye, na kwenda kwa Mangi alikwenda mwenyewe. Mangi amekubali 10,000 kwa mwezi.

Kwa mkopeshaji nilikwenda na mwakilishi wetu wa chama. Mkataba alikuwa nao, ukurasa mmoja, riba haikuandikwa. Leseni alisema ipo Morogoro mjini. Tulimwekea taarifa ya benki mezani. Mwanzo alipandisha sauti, baadaye akasema nimpe 200,000 tuandikishane mbele ya mtendaji wa kata kwamba tumemalizana. Mwanasheria, najua utasema hata hiyo si haki yake. Nilikubali. Nilitaka kulala. Kadi mpya ninayo.

Benki sikurudi. SACCOS nimeomba 500,000 badala ya 900,000, kamati ya mikopo inakaa Ijumaa. Itatosha 200,000 ya yule bwana, 180,000 ya mtandaoni, na 120,000 ipunguze VICOBA. Kwa miezi 24 wamenihesabia kama 25,000 kwa mwezi, kwenye salio linalopungua, karatasi nimeiona. Iliyobaki VICOBA ni 230,000. Niombe waniongezee muda, au nisubiri mgao wa mwisho wa mwaka wakate hisa zangu?

BintiPangani

Usisubiri mgao. Nenda kikao kijacho, simama, uwaambie utalipa 40,000 kila mwezi, kwa miezi sita limeisha na hisa zako zinabaki salama. Mwende wote wawili.

Kaunta_Namba_Nne

Naunga mkono. Na zile 120,000 zilizokuwa zikichomolewa kila mwezi, zipe kazi kabla hazijazoea matumizi: 40,000 VICOBA, 10,000 Mangi, 25,000 rejesho la SACCOS. Zinabaki 45,000. Miezi ya kwanza kuleni nyama, watoto wamevumilia.

Mwalimu_Kilosa

Nimemsomea mama watoto. Anasema Jumapili.