ATI NIPEWE MANDAZI!! Huyu "profesa" wa kibanda cha Kondele, Kisumu, amenizoea

NduthiMoja: Wasee nimetoka kwa chai saa hii na mkono bado unatetemeka. Jina sitaji, mnamjua, yule wa kalamu tatu kwa mfuko wa shati na hajawahi kusahihisha hata mtihani wa nasari. Leo amekuja na 4294967297, ameiandika kwa gazeti ya kufungia mandazi, ati hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, ati amejaribu 2, 3, 5, 7 na 11 zote zikakataa kwa hivyo kesi imeisha. Mimi kwa heshima zote nikamwambia jaduong' (mzee), hebu gawanya na 641. Alicheka mpaka chai ikatokea kwa pua, halafu akageukia mama wa kibanda mbele ya stage nzima: "Mpe huyu mandazi, ni njaa inamsumbua."

Mandazi. Mimi. Hata kuku wa hapo waligeuka kuniangalia.

Na 641 mara 6700417 inatoa hiyo namba bila kubaki hata moja, toeni simu mpige. Ni 2 kwa kipeo cha 32 ongeza 1. Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati wa zamani, alidhani ni tasa juu ndugu zake 3, 5, 17, 257 na 65537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ongeza 1) zote ni tasa, mwanahisabati mwenzake Euler akakuja kuivunja 1732. Na si bahati nasibu, kigawo chake chochote lazima kiwe 64 mara kitu ongeza 1, sasa 64 mara 10 ongeza 1 ni ngapi?? Nikamwonyesha kwa simu akasema simu yangu ni feki. HALAFU MANDAZI IKALETWA KWELI. KWA SAHANI.

Omera_Baridi: Ulikula?

NduthiMoja: Hiyo si hoja.

Omera_Baridi: Alikula 😂😂

NyarNyalenda: Vigawo 1, 641, 6700417 na yenyewe. Tasa gani hiyo iko na watoto wawili

Kalamu ya Nne: Na hiyo 6700417 nani amehakikisha haigawanyiki, wewe na simu yako feki?

NduthiMoja: Hiyo ni tasa. Usinianze na wewe.

Mtu wa Naka: Afadhali wewe ulidanganywa na namba kubwa. Huku Nakuru nimempa makanga mia, nauli 30, akanirudishia 50 na akaniambia nirudi shule.

NyarNyalenda: Makanga ni malaika. Fundi wangu wa pazia amepima dirisha kwa macho, sasa niko na pazia ya kanisa kwa dirisha ya choo

Omera_Baridi: Lakini mandazi ya hapo siku hizi ni hewa tupu, ukiibonyeza inapumua

Mtu wa Naka: Ni ngapi huko?

Omera_Baridi: Kumi. Ya jana ndio tamu, ukiipata na maharagwe.

NduthiMoja: Wasee si tulikuwa kwa 641?

NyarNyalenda: Kesho ukipita hapo nibebee nne.