Simu mpya ndani ya boksi, kiraka cha usalama cha mwaka juzi. Tunauziwa nini?

Wakuu, leo mnivumilie, nimekasirika.

Nimemnunulia mama simu janja Kariakoo, mpya, boksi halijafunguliwa. Naingia kwenye mipangilio, kiraka cha usalama, yaani sasisho la kuziba matundu ambayo wahalifu wanapitia, ni cha mwaka juzi! Nabonyeza kutafuta sasisho, naambiwa hakuna jipya. Muuzaji ananijibu, "Bosi, simu si inawaka?" Inawaka, ndiyo. Na humo humo mama anaweka akiba yake na kupokea hela za kikoba.

Msiniambie habari za ugumu wa kitaalamu. Ugumu naujua. Google ikitoa toleo jipya la Android, mfumo unaoendesha simu hizi, kampuni ya chipu, Qualcomm au MediaTek, inabidi irekebishe draiva zake, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuongea na chipu. Kisha mtengenezaji wa simu anapachika sura yake na kurundika programu ambazo hakuna aliyeziomba. Halafu majaribio, na kwenye nchi ambako kampuni za mitandao ya simu ndizo zinauza simu, nazo zinataka kupima kwanza. Kila mlango una foleni. Msimbo wa Android 15 ulitoka Septemba 2024, wenye Pixel, simu za Google yenyewe, wakaipata Oktoba, wenye Galaxy S24 ya Samsung wakasubiri hadi Aprili 2025. Hiyo ni simu ya mamilioni ya shilingi! Apple inatengeneza simu na mfumo yenyewe, ndiyo maana iOS 18 ilipotoka, iPhone XS ya 2018 iliipata siku moja na simu mpya.

Lakini ugumu huo umeshapunguzwa sana. Mwaka 2015 lilipotangazwa tundu la Stagefright, ambapo ujumbe wa MMS tu ulitosha kumwingiza mhalifu kwenye simu yako, Google ilianza kutoa viraka kila mwezi. Mwaka 2017 ukaja mradi wa Google uitwao Treble, ukatenganisha draiva za chipu na mfumo wenyewe. Tangu Android 10, baadhi ya vipande vya mfumo vinasasishwa kupitia Google Play. Google kwa Pixel 8 na Samsung kwa S24 wameahidi miaka 7 ya masasisho. Kumbe inawezekana!

Tatizo ni hela. Faida ya simu ya laki mbili ni ndogo, na mtengenezaji ameshaichukua siku ile unayolipa. Kuandaa sasisho kunataka wahandisi, na wahandisi wanataka mshahara, ilhali wewe hulipi tena. Wakikutelekeza, utanunua nyingine. Wanaotelekezwa ni sisi wa simu za bei ya chini, sisi ambao benki, kazi na masomo ya watoto vyote viko kwenye simu hiyo moja kwa sababu kompyuta hatuna. Hilo ndilo linaloniuma.

Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inamlazimu mtengenezaji kutangaza bidhaa yake itapata masasisho ya usalama kwa muda gani. Hapa kwetu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndiyo inaidhinisha aina za simu. Iongeze sharti moja: tarehe ya mwisho wa viraka iandikwe juu ya boksi, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa kama yale ya megapikseli za kamera. Na simu ambayo tarehe yake imeshapita isiuzwe kama mpya.

Nyie mnaouza simu, mteja akiwauliza hii itasasishwa hadi lini, mnamjibu nini? Nataka jibu lenye mwezi na mwaka.