Mada: Mpiga kinanda kutoka Nairobi, anahitaji CTA (pasi ya kazi ya muda mfupi)? (tamasha la Noeli Mnazi Mmoja)

Kutoka: Sauti ya Pili, Tabata
Jumatatu, saa 9:40 alasiri

Wapendwa, shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa haraka. Kwaya yetu mnaijua, Wakenya na Watanzania, tupo 32. Tangu Septemba tunajiandaa kuimba nyimbo za Noeli bustani ya Mnazi Mmoja hapa Dar es Salaam Jumapili ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Barua ya serikali ya mtaa tunayo, na ya kuomba uwanja imegongwa muhuri wa kupokelewa. Leo nimekwenda ofisi moja mjini kukamilisha. Dada wa dirishani akapitisha kalamu kwenye orodha ya majina, jina kwa jina, akaisimamisha kwa mpiga kinanda. "Huyu wa Nairobi ana kibali gani?" Nikamweleza anakuja wiki moja tu, anaingia kwa pasi ya matembezi, halipwi hata shilingi. Akafunga faili, akasema nirudi na kibali chake. Kibali kipi, kinatolewa wapi, hakusema, na nyuma yangu foleni ilishaanza kunisukuma.

Mtu anayejitolea wiki moja anahitaji CTA, au pasi ya matembezi inatosha? Zimebaki siku 13.

Kutoka: Mzee wa Upanga

Marahaba binti yangu. Kwanza hakikisha barua ya uwanja umeipeleka panapostahili. Lile Jiji la zamani lilivunjwa Februari 2021, Ilala ndiyo ikawa Jiji, na Mnazi Mmoja ni Ilala. Kuna kwaya ilizungushwa siku nne kwa sababu barua iliandikwa kwa ofisi ambayo haipo tena. Halafu taarifa kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, saa 48 kabla, kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri. Kwa wageni wanaotumbuiza, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kelele ni NEMC, baraza la mazingira, wana kanuni zao za 2015. Ukipewa kontroli namba (namba ya kulipia serikalini) lipa siku hiyo hiyo, usiiache ikaisha muda.

Kutoka: Besi, Sinza

Mzee, kwa heshima zote, dada hajauliza uwanja ni wa nani. Kauliza habari ya mpiga kinanda.

Mimi shemeji yangu alikuja kutoka Thika kunisaidia kufunga mashine ya kuoka mikate. Siku mbili tu, undugu mtupu. Maofisa wa Uhamiaji wakaingia dukani wakamkuta ana spana mkononi. Hawakuuliza analipwa au halipwi. Waliuliza anafanya nini. Tulilipia Special Pass, pasi maalum ya muda, na mashine ikalala wiki nzima haijafungwa. Kwa hiyo dada, mtu akikaa mbele ya kinanda na watu mia wanamtazama, hayo si matembezi. Mwombee kibali cha Daraja C, ndilo la wanaojitolea.

Kutoka: Mama wa Mbezi Beach

Daraja C kwa wiki moja? Jamani, msipotoshe watu. A ni mwekezaji na aliyejiajiri, B ni mwajiriwa, C ni mwanafunzi, mmisionari, anayejitolea na kadhalika. Vyote vitatu ni vibali vya UKAAZI. Mtu anayelala kwa dada yake Tabata siku saba hakai nchini. Langu la C nililisubiri mpaka pasi ikakaribia kuisha, na kila Ijumaa niliambiwa nirudi Jumatatu.

Kutoka: Besi, Sinza

Basi mama tuambie wewe ni kipi.

Kutoka: Kaka wa Kigamboni

Mimi kinachoniuma ni kwamba tunauliza swali hili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeanza kutumika Julai 2010. Kenya, Uganda na Rwanda zimefutiana ada ya kibali cha kazi, hapa bado tunalipa. Namanga pale, kituo cha pamoja kilizinduliwa na marais wote wawili Desemba 2018, unagongewa pasi zote mbili chini ya paa moja. Kijana anavuka na kinanda mgongoni kuja kumwimbia Mungu, anaulizwa karatasi.

Kutoka: Shemeji, Kimara (Mtanzania)

Kaka, nakusikia, lakini kila nchi ina haki ya kujua nani anafanya nini ndani yake. Nilipokuwa Nairobi nami nilipanga foleni, sikulalamika. Halafu kinanda kiandikishwe forodhani mpakani, na namba yake, asije akaulizwa kodi wakati wa kurudi nacho.

Kutoka: Alto, Ubungo

Na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, je? Usiku Mtakatifu ni wa 1818, mtunzi amekufa zamani, na sheria yetu inalinda miaka 50 baada ya kifo. Ila mpangilio wa sauti nne mnaoimba ni wa nani? Mwalimu wetu aliyeupanga yu hai. Mwombeni ruhusa kwa maandishi, ni heshima pia.

Kutoka: Mama wa Mtoni kwa Azizi Ali

Wanangu, msigombane. Mwaka jana niliimba pale pale. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma, na nota zikapeperuka wimbo wa kwanza tu, watoto wakazikimbiza hadi barabarani. Aliyetuokoa ni mama muuza mitumba, alitugawia vibanio vya nguo. Mishumaa haikuwaka hata dakika moja, tukatumia tochi za simu. Kunguru nao, jua likianza kushuka wanarudi mitini kwa makelele, sauti ya kwanza haisikiki kabisa. Simameni mmepinda kama mwezi mchanga, ukuta uwe nyuma yenu, besi wakae katikati. Nje hakuna kinachorudisha sauti yao, ikitoka imekwenda.

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, kama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, mwalimu alishusha mikono, tukanyamaza hadi ikaisha. Baba mmoja mwenye kanzu aliyekuwa anapita alisimama, akatusubiri tuanze tena. Kwetu Ikolomani, Kakamega, mkesha wa Krismasi ulikuwa ngoma ya isukuti nyumba kwa nyumba hadi alfajiri, vumbi jekundu miguuni, na chai ya maziwa kwa kila jirani. Ninaishi Dar miaka 19. Jioni ile, jasho likinitiririka mgongoni, ndiyo Krismasi ya kwanza niliyosikia nimefika kwetu. Tafadhali msiiache ife kwa karatasi.

Kutoka: Sauti ya Pili, Tabata

Asanteni nyote. Mama wa Mtoni, nimemsomea mume wangu maneno yako kwa sauti, naye ni wa Kakamega, akatoka nje bila kusema neno.

BASATA nitakwenda kesho asubuhi. Barua ya OCD nimeiandika usiku huu. Mwalimu amekubali kusaini ruhusa ya mpangilio. Lakini la CTA bado sijapata jibu, na kijana ameshakata tiketi ya basi ya Jumatano ijayo. Aliyewahi kumleta mwanamuziki wa kujitolea, yeye mwenyewe na siyo shemeji yake, anipigie.

Mazoezi Alhamisi saa kumi na moja kamili. Kila mtu aje na vibanio viwili.

Kutoka: Kaka wa Kigamboni

Vya mbao au vya plastiki?

Kutoka: Mama wa Mtoni kwa Azizi Ali

Vya mbao. Vya plastiki jua la hapa linavivunja.