Kwa nini chembe nyekundu inageuka duara wakati kasoro iko upande wa ndani wa utando?

Slaidi_Mkononi:
Wakuu, heshima kwenu. Spektrini na ankirini zimekaa upande wa ndani wa utando wa chembe nyekundu. Kwenye ugonjwa wa kurithi wa chembe duara protini hizi zinapungua. Sasa mbona chembe inakuwa duara badala ya kulegea tu? Na mbona kasoro ya spektrini hiyohiyo kwa mgonjwa mwingine inaleta chembe zilizorefuka?

La pili ni la maabara. Slaidi ina chembe duara nyingi, Coombs ya moja kwa moja (kipimo cha kingamwili zilizoshika chembe) hasi, MCHC (ukolezi wa himoglobini ndani ya chembe) imepanda hadi 36.8, lakini kipimo cha kuvunjika kwenye maji ya chumvi kimetoka kawaida. Ndiyo kusema ugonjwa haupo?

Utando140:
Mkuu, anza na eneo la utando. Chembe nyekundu ya kawaida ina ujazo wa femtolita 90 hivi, na utando wake una maikromita za mraba kama 140. Ujazo huo ukiuweka kwenye tufe kamili, utando wa maikromita za mraba 97 unatosha. Ziada hiyo ndiyo inayoifanya chembe iwe bapa na iweze kujikunja kupenya nyufa za bandama, ambazo ni finyu mno kuliko kipenyo chake cha maikromita 7 hadi 8. Kwa hiyo chembe duara haijavimba. Imepungukiwa utando.

Unapoteaje? Tabaka la lipidi halina nguvu ya kujishikilia. Bendi 3, protini inayobadilishana kloridi na bikaboneti, imepenya tabaka hilo. Kwa ndani inashikwa na ankirini, nayo ankirini inashika beta-spektrini. Huo ndio mshikamano wa wima. Ikipungua ankirini, bendi 3, protini 4.2 au spektrini yenyewe, sehemu za lipidi zinakosa nanga, zinachomoza na kumeguka kuwa vifuko vidogo. Eneo linapungua kuliko ujazo, na umbo pekee linalobaki ni la kuelekea tufe. Kisha bandama inamalizia: chembe inakwama humo, sukari ni kidogo, asidi imepanda, makrofaji zipo tayari. Kila mara inapopita inatoka na utando pungufu zaidi, hadi siku haitoki tena.

Chembe zilizorefuka ni habari ya mshikamano wa ulalo. Alfa na beta-spektrini husokotana kuwa jozi. Jozi mbili huungana kichwa kwa kichwa kuwa uzi wa nanomita 200 hivi, na ncha za mwisho hufungwa kwenye aktini kwa msaada wa protini 4.1. Kasoro ikiwa hapo vichwa vinapokutana, wavu unakosa nguvu ya kurudi. Chembe inanyooshwa kwenye kapilari, na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyobaki imenyooka. Utando haupotei sana, ndiyo maana wengi wenye hali hii hawana upungufu wa damu. Ila mtu akirithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, chembe zinavunjika vipandevipande na MCV (ujazo wa wastani wa chembe) inashuka sana.

Mirija_Safi:
Nijibu la maabara: hapana, ugonjwa haujaondolewa. Wagonjwa wenye hali nyepesi hutoka kawaida kwa damu mbichi. Rudia kwa damu iliyokaa saa 24 kwenye nyuzi 37, bila vijidudu kuingia.

Kuzuia damu isigande tumia heparini, si EDTA wala sitrati, kwa sababu chumvi zake zinaharibu hesabu. Andaa mirija ya NaCl yenye bafa, pH 7.4, kutoka asilimia 0.9 kushuka hadi 0.1. Kila mrija weka mililita 5, ongeza damu maikrolita 50, geuza taratibu, subiri dakika 30 kwenye joto la chumba, zungusha kwenye sentrifuji, soma maji ya juu kwa nanomita 540. Kwa damu mbichi ya mtu mzima mwenye afya, nusu ya chembe huvunjika kati ya asilimia 0.40 na 0.445. Ikishakaa saa 24, kati ya 0.465 na 0.59.

Angalia pia madini ya chuma: upungufu wake unaweza kuficha matokeo. Na hata kikitoka chanya hakikuambii chanzo, maana chembe duara za kingamwili nazo huvunjika mapema. Hapo Coombs ndiyo inayotenganisha. Kama kuna flo saitometa, mashine inayopima mwanga wa chembe mojamoja, rangi ya EMA ni bora. Hujishika zaidi kwenye bendi 3, hivyo mwanga hafifu unaonyesha protini hiyo imepungua kwenye utando.

Slaidi_Mkononi:
Shukrani. Kwa hiyo EMA ikithibitisha, bandama itolewe?

Utando140:
Si kwa kila mtu. Hali nyepesi hufuatiliwa tu: mawe ya nyongo, asidi foliki kwa wanaovunja chembe nyingi, na tahadhari ya kirusi cha parvo B19, ambacho husimamisha uboho ghafla na himoglobini ikaporomoka huku retikulositi (chembe nyekundu changa) zikikaribia kutoweka. Hali kali ndiyo ya upasuaji, ikiwezekana baada ya miaka 6, na chanjo za nimokoka, meningokoka na Hib zitangulie.

Kabla ya hapo hakikisheni si stomatositosi ya kukauka, ugonjwa mwingine wa kurithi ambapo chembe nyekundu hupoteza maji. Nayo MCHC yake hupanda na Coombs ni hasi. Mara nyingi kasoro iko kwenye mfereji wa PIEZO1: potasiamu inavuja, maji yanaifuata. Chembe hizi huchelewa kuvunjika kwenye chumvi hafifu, kinyume kabisa na chembe duara, na kwenye slaidi utaona baadhi zina mpasuko katikati badala ya weupe wa mviringo. Mgonjwa huyu akitolewa bandama, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ni kubwa, hivyo haitolewi.